Mashine ya Dada

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nabishana na watu, kwa hiyo ondoa wasiwasi, kilichopungua ni shingo tu.

Kuna habari. Jana ofisa elimu alitukusanya uwanjani akatwambia kuna watu wametoa msaada wa kompyuta, na ile stoo ya majembe itasafishwa iwe chumba cha kujifunzia kutengeneza programu. Nafasi ni chache. Mwezi wa nane kutakuwa na mtihani, na mtihani wenyewe si wa karatasi. Unakaa mbele ya mashine, unapewa swali, unaandika programu. Ikienda umepita, isipoenda umeanguka, hakuna maelezo. Watakaopita wanaondolewa kazi za nje. Dada, maana yake wanaondolewa kwenye chokaa.

Sijakusimulia sana habari za chokaa. Tunavunja mawe, tunayachoma, tunayasaga, tunajaza mifuko. Jioni hatutambuani, wote tumekuwa weupe, unamjua mwenzako kwa kikohozi chake. Nataka kutoka huko kuliko ninavyotaka kutoka jela, na jela unajua ninavyoipenda.

Tatizo ni kwamba mashine hatutaziona mpaka siku ya mtihani. Na mimi kompyuta ninayoijua ni ile ya ofisini kwako, ambayo niliiona mgongo nilipokuja kufuata chakula kwako. Basi nisikilize. Nitafutie kitabu cha wanaoanza, uninakilie kurasa. Mimi nitaandika programu kwa kalamu na kukutumia, wewe utaipiga kwenye kompyuta yako saa ya chakula cha mchana, halafu uniandikie mashine imesema nini. Niandikie neno kwa neno, hata ikinitukana. Najua Bosi wako ni mkali, kwa hiyo fanya akitoka.

Mdogo wako,
Mbishi

24 Februari

Mdogo wangu Mbishi,

Marahaba. Barua yako imenichekesha na kuniumiza kwa pamoja, kama kawaida yako. Mtu aliyeshindwa kujifunza kukunja shati anataka kufundisha mashine kufikiri. Haya.

Kitabu nimekipata kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini. Jalada halina, lakini ndani kimetimia. Nimekunakilia sura tatu za mwanzo, vidole vimekufa ganzi. Kwa nilivyoelewa mimi, programu ni maagizo tu, mstari kwa mstari, mashine inaanza juu inateremka. Ina maneno yake machache ya Kiingereza. *print* maana yake andika kwenye kioo. *while* maana yake maadamu, yaani maadamu jambo fulani ni kweli, endelea kurudia haya. Halafu kuna vikopo. Kikopo unakipa jina, unaweka kitu ndani, na unaweza kukibadilisha baadaye. Tazama mfano wa kitabu:

namba = 1
while namba <= 3:
    print("Karibu", namba)
    namba = namba + 1

Kikopo kinaitwa namba, na mwanzoni kina moja. Maadamu kilichomo hakijazidi tatu, andika Karibu pamoja na hiyo namba, kisha ongeza moja. Leo Bosi alipokwenda benki niliipiga. Ikaandika Karibu 1, Karibu 2, Karibu 3, ikanyamaza. Nilifurahi mpaka Mhasibu wa meza ya pili akaniuliza nani kanitumia ujumbe. Nikamwambia ni kompyuta yenyewe.

Vaa kitambaa puani huko kwenye chokaa. Ulipokuwa mdogo vumbi la kufagia tu lilikuwa linakulaza kitandani.

Dada yako

17 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata imechelewa, tena nimeipatia ofisini kwa mkuu. Afande anayesoma barua alipoona yale ya while na vikopo alisema hii ni lugha ya siri, tunapanga kutoroka. Nilisimamishwa mbele ya watu watatu nieleze. Nikawafundisha kikopo ni nini. Mmoja akauliza kwa nini kisiitwe sufuria. Nikamwambia kiite hata pipa, mashine haijali, alimradi jina ulilokipa mwanzo ndilo utakaloliita mpaka mwisho. Ofisa elimu akaja kuniokoa, na sasa afande wa barua ananiita Profesa.

Fundi Saa ananisaidia. Ni mzee wa kitanda cha pili, alikuwa anatengeneza saa mjini kabla hajaletwa huku. Hajui programu, lakini ananisikiliza nikisoma kwa sauti, na nikikosea mpangilio ananiambia hapo gurudumu halijashika jingine.

Nakutumia ya kwanza. Imo nyuma ya karatasi. Inauliza jina la mtu halafu inamsalimia. Ipige uniambie.

Mbishi

2 Aprili

Mbishi,

Imekataa. Mstari wa pili hukufunga mabano, mashine ikasimama hapo hapo na kuandika kwa rangi nyekundu. Nikakufungia mabano, ikasimama mstari wa tatu, maana kikopo ulikiita jina, kisha chini ukakiita mgeni. Inauliza mgeni ni nani, haimjui. Umewafundisha askari kitu ambacho mwenyewe hukukifuata.

Najua utasema inakufanyia makusudi. Nilikaa nikaitazama, nikaona wazi ulichotaka, hata mtoto angeona. Mashine haikuona. Inafanya kilichoandikwa, basi. Nenda pole pole.

Bosi amepita nyuma yangu leo mara mbili. Nilikuwa nimefungua hesabu za mizigo pembeni, sidhani ameona kitu.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mashine yako ina roho mbaya. Lakini nimerekebisha, na safari hii nimeandika nne. Nimeanza kuota maagizo. Jana kwenye tanuri nilikuwa nahesabu mifuko, nikajikuta nasema maadamu mifuko haijafika kumi, jaza, funga, ongeza moja. Askari akauliza naongea na nani.

Dada, nikwambie ukweli, sikuwahi kuwa na kitu kinachonifanya nisubiri kesho. Nilikuwa naendesha gari la watu bila kuuliza kilichomo ndani, na hapo ndipo akili yangu ilipokuwa imefikia. Sasa nasubiri barua yako kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Usijali kikohozi, ni vumbi tu, limenizoea.

Mbishi

27 Aprili

Kwa dada wa Mbishi,

Salaam. Mimi ndiye anayeitwa Fundi Saa. Barua hii inatoka mkononi mwa mtu aliyemaliza kifungo leo, haijapita kwa afande, na mdogo wako hajui kwamba nimekuandikia.

Anatema damu. Ilianza kabla ya mwezi wa pili. Anaiosha bombani alfajiri kabla wengine hawajaamka na amenikataza kusema. Mganga wa hapa alimpa vidonge vya kikohozi akamrudisha kazini, kwa kuwa kuondolewa chokaa kwa ugonjwa kunahitaji saini ambazo hakuna mtu anayezitafuta. Njia iliyopo ni kile chumba cha kompyuta.

Sikuandikii ili ulie. Nakuandikia ili ujue kwamba masomo anayoyapata kwako si mchezo wa kupitisha muda. Akipita mtihani ataishi. Akiendelea na chokaa mpaka mwakani, mimi nimeona waliotangulia.

Fundi Saa

5 Mei

(Hii haikutumwa.)

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwa Bosi. Ijumaa alinikuta na karatasi zako mezani, zile nne, zenye muhuri wa gereza. Akaniuliza ni nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo sikuitumia. Nilimwambia ni za mdogo wangu, anajifunza. Akasema hawezi kuacha mashine zenye hesabu za wateja zipigwe vitu vinavyotoka jela. Jioni nilikuwa nje na mkoba wangu.

Leo nimeanza kufua mashuka kwenye hoteli. Nimekwenda kwenye duka la kompyuta za kukodisha, mwenye duka akaona huo muhuri akasema nisimwingizie virusi. Nimejaribu jingine, lile limefungwa. Simu yangu ni ya vitufe, unaijua. Mhasibu sijamwomba, naogopa na yeye atatolewa.

Na Fundi Saa ameniambia. Kwa nini hukuniambia wewe? Unanificha damu mimi niliyekufuta kamasi?

Nikikueleza kwamba mashine hakuna utaacha, nakujua. Utasema basi, utaweka kalamu chini, utarudi kwenye tanuri lako na utani wako mpaka mwisho. Kitabu ninacho. Maagizo ni mstari kwa mstari, juu kwenda chini, na mimi kusoma najua. Jumapili nzima nimekaa mezani na programu zako nne, nimechora vikopo kwenye karatasi na kuandika kilichomo, kufuta, kuandika tena. Mashine nitakuwa mimi. Mungu anisamehe kama ni kosa.

6 Mei

Mbishi,

Nimezipiga zote nne. Mbili zimekwenda vizuri mara ya kwanza. Ya tatu imekataa kwa sababu maneno hukuyawekea alama za kufungulia na kufungia, nimekuzungushia kwa kalamu nyekundu. Ya nne ni safi kabisa. Inasema:

Habari, Fundi Saa
Habari, Afande
Habari, Profesa

Nimekunakilia sura ya nne na ya tano. Soma sana ile ya kurudia. Samahani karatasi imelowa pembeni, niliiweka penye maji.

Na hicho kikohozi kionyeshe kwa mganga. Usinibishie.

Dada yako

26 Mei

Dada,

Shikamoo. Tatu kati ya nne! Fundi Saa amenipa nusu ya sabuni yake kwa heshima.

Naona mashine yako siku hizi imepoa. Zamani ilikuwa inanikamata kwa kila kitu, sasa mpaka nimeanza kujiuliza kama imenizoea au nimekuwa hodari. Fundi Saa anasema mashine haimzoei mtu. Nikamwambia basi ni hodari, amebaki kucheka.

Sasa sikiliza. Kwenye hizi za leo nimejaribu kitu. Ile ya kuhesabu mifuko nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ina ule mstari wa mwisho wa kuongeza moja. Ya pili nimeuacha, kusudi, nione. Mimi nafikiri mashine ikishaambiwa irudie mpaka kumi itakuwa inahesabu yenyewe, la sivyo inarudia nini? Kitabu hakijasema wazi. Zipige zote mbili uniambie tofauti.

Mbishi

10 Juni

Mbishi,

Marahaba. Nimezipiga zote mbili, tena ile ya pili nimeirudia. Hakuna tofauti. Zote zimeandika Mfuko wa 1, Mfuko wa 2, hivyo hivyo mpaka Mfuko wa 10, zikasimama.

Kwa hiyo safari hii ubishi wako umekusaidia. Endelea.

Siku hizi nakuwaza sana mchana. Kazi ni nyingi na mikono imechubuka, lakini ikifika Jumapili nikafungua karatasi zako nasahau. Ni kama unakaa mezani na mimi unaniambia fanya hivi, halafu hivi, halafu hivi. Sikujua kwamba kichwani mwako kumepangika hivyo.

Dada yako

28 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilijua! Basi ule mstari nimeufuta kote, ni wa bure, unajaza karatasi tu. Programu zangu sasa ni fupi na nzuri, hata ofisa elimu ameziangalia akasema zimepangika. Yeye mwenyewe ndio kwanza anasoma kijitabu cha maelezo.

Umesema mikono imechubuka. Kwa kazi ya ofisini? Au umeanza kumpiga Bosi?

Nakutumia tisa. Nikipita, kitu cha kwanza nitaandika programu kubwa, sijui ya nini, lakini ndani yake nitaweka jina lako. Mashine ikiendeshwa popote liwe linatokea. Najua ni upuuzi. Niache niwe mpuuzi kidogo, mwezi wa nane si mbali.

Mbishi

14 Julai

Mbishi,

Tisa zote zimekwenda.

Bosi sijampiga, ni sabuni mpya ya vyombo imenikataa. Kula vizuri. Siku ya mtihani usikimbilie kubonyeza, soma kwanza mstari kwa mstari kama ninavyosoma mimi. Utapita. Nimeziona programu zako zote, hakuna mtu anayezijua kuliko mimi, na nakwambia utapita.

Dada yako

17 Agosti

Dada,

Nimeanguka.

Swali lilikuwa moja. Ofisa elimu alisema tuandike programu ya kuhesabu mifuko kumi ya chokaa. Dada, nilicheka. Nilikaa mbele ya ile mashine nikiwa na uhakika ambao sijawahi kuwa nao kwa kitu chochote. Sikutetemeka. Niliandika kama nilivyokuandikia wewe, nikasoma mstari kwa mstari kama ulivyoniambia, nikabonyeza.

Ikaandika Mfuko wa 1. Ikaandika tena Mfuko wa 1. Tena. Kioo chote kikajaa Mfuko wa 1, na ile mistari ikawa inapanda juu haisimami. Nikabonyeza kila kitu, haisimami. Waliokuwa karibu wakaanza kugeuka. Askari akadhani nimeiharibu makusudi, akanisukuma, akachomoa waya ukutani. Nikamwomba ofisa elimu dakika tano tu. Akasema kila mtu ana nafasi moja, tena hakunitazama usoni, nadhani alinionea aibu.

Jumatatu nilirudi kwenye chokaa.

Kuna kijana amepita, nimemuuliza. Akanieleza kwa upole kwamba kikopo kilikuwa na moja na sikumwambia mtu yeyote akiongeze, kwa hiyo kikabaki na moja milele, na moja siku zote ni ndogo kuliko kumi. Nikamwambia kuna mashine zinazoongeza zenyewe. Akasema hakuna. Nikambishia, nikamwambia dada yangu ameipiga mara mbili ofisini kwake kwa macho yake. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa.

Dada, ile ya kwako iliongezaje?

Mbishi

31 Agosti

Mdogo wangu,

Niliongeza mimi.

Hakuna mashine. Tangu mwanzoni mwa mwezi wa tano hakuna. Bosi alinifukuza kwa karatasi zako, nafua mashuka ya hoteli, na programu zako zote kuanzia zile nne nilizisoma mwenyewe mezani kwa penseli. Sikukwambia kwa sababu Fundi Saa alikuwa ameniandikia habari za damu, na niliogopa ukijua utaacha. Usimlaumu yeye.

Ile ya mifuko niliisoma mara mbili kama nilivyokwambia, sikudanganya hapo. Niliona moja, nikaona mpaka kumi, nikahesabu. Sikuona kwamba hujaniambia nihesabu. Ulikuwa unataka kuhesabu mifuko, ningewezaje kusimama kwenye mfuko wa kwanza?

Juzi nilikwenda ofisini kwetu mchana, Bosi hayupo. Nilimwomba Mhasibu aipige. Alisitasita, akaipiga. Nimeiona, mdogo wangu. Nimeona kioo kinavyojaa. Mhasibu aliizima, akaniletea maji, na mimi nikayanywa nimesimama pale pale na aproni ya kufulia.

Kukuambia kwamba nilikuwa nakupenda haitakusaidia kitu. Nimekukosesha nafasi. Niandikie hata matusi.

Dada yako

28 Septemba

Mbishi,

Sijapata jibu. Labda barua zinachelewa. Labda afande amezizuia tena, mwambie Profesa hajapanga kutoroka.

Niandikie mstari mmoja tu.

Dada

19 Oktoba

Kwa dada wa Mbishi,

Anayeandika ni Fundi Saa, lakini maneno ni ya mdogo wako, nimeyaweka kama alivyoyasema.

Dada, shikamoo. Niko wodi ya gereza, mkono umekosa nguvu ya kushika kalamu, ndiyo maana unasoma mwandiko mzuri. Fundi Saa wamemruhusu aje kunisaidia kwa kuwa wauguzi hawatoshi.

Barua yako ilinikuta bado niko tanurini. Nilikasirika, Dada. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo nisingeweza kuyarudisha, kwa hiyo sikuandika kabisa. Halafu nikaugua, nikapata muda wa kutafuta hasa kinachoniuma. Si kwamba ulinidanganya. Ni kwamba miezi ile nilijiona nina akili. Nilikuwa naandika kitu huku, na kitu cha mbali kinanielewa moja kwa moja. Haijawahi kunitokea. Nikadhani ndivyo walivyo watu wenye akili, wanaeleweka. Kumbe ulikuwa wewe, na wewe ungenielewa hata ningeguna.

Kazi umepoteza kwa ajili yangu na hukusema. Mimi nilikuficha damu. Sijui nani amemshinda mwenzake, tuyaache.

Mwezi wa pili kutakuwa na mtihani mwingine. Nataka kuufanya, na nataka kuanza sasa hivi, humu kitandani. Uwe mashine tena. Ila safari hii usinielewe. Usisome nilichokusudia, soma kilichoandikwa. Nikikosea nikatae. Ukinionea huruma nitajua, na sitakutumia nyingine.

Hii hapa. Wananipa pakiti ya vidonge thelathini, kimoja kila asubuhi, nimeona nivihesabu kwa kushuka:

while vidonge > 0:
    print("Bado", vidonge)
    vidonge = vidonge - 1
print("Vimekwisha")

Umeona, mstari wa kubadilisha kikopo nimeuweka. Nasubiri jibu.

Mbishi

Ninayoongeza hapa ni yangu, na hajayasikia. Daktari alikuja Jumanne. Alinivuta pembeni akasema mapafu hayatengenezeki tena, na kwamba haoni kama atauvuka mwaka huu. Mdogo wako hajaambiwa, na amekataza wasimpe habari za aina hiyo mpaka mtihani upite. Mtihani wa mwezi wa pili upo kweli, jina lake ofisa elimu amelikubali. Hayo ya mapafu sikupaswa kuyaandika, lakini barua hii muuguzi ndiye anayeiposti, haipiti kwa afande.

Programu yake nimeitazama, na sina elimu hiyo, lakini nahisi kuna mahali gurudumu halijashika. Kama ni hivyo sijui ufanye nini. Ukisema imekwenda atafurahi sana, na kwa hali aliyonayo hakuna atakayekulaumu. Jibu lako nitamsomea neno kwa neno, sitaongeza wala kupunguza.

Fundi Saa

1 Novemba

Mbishi,

Marahaba.

Kibali cha kuja kukuona nimekiomba, bado hawajajibu. Nakwenda kuwauliza kila siku ninapotoka kazini na nitaendelea kwenda. Hayo tuyaweke pembeni, umeniletea kazi.

Nimekaa na programu yako mezani tangu mchana. Nimeweka kitabu kando, nimechukua karatasi safi, nimejilazimisha nisahau kwamba ni yako. Nilitaka sana iende. Nimeisoma nikitamani kwa roho yangu yote iende.

Haikwenda. Imesimama mstari wa kwanza kabisa, haijaandika chochote. Unaiambia iangalie kama vidonge vimezidi sifuri, na hujaiambia vidonge ni vingapi. Kikopo hakipo. Mimi najua ni thelathini kwa sababu umenitajia kwenye barua, na mkono ulikuwa umeshaanza kuandika thelathini wenyewe, nikaufuta. Kwenye programu hukuandika, na mimi sasa nasoma kilichoandikwa.

Mistari mingine sikuifikia, kwa hiyo usiniulize kama ni sahihi. Mashine haivuki penye kosa.

Imekataa, mdogo wangu. Rekebisha, unitumie tena.

Dada yako